Tuongeze Dripu? Moyo Katika Saa 24 za Kwanza Baada ya Kuungua

Chati ya mkojo iliyoning'inia kando ya kitanda ilikuwa na namba nne zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu, moja chini ya nyingine: 42, 35, 24, 16. Kila moja ilikuwa mililita za saa nzima. Mgonjwa alikuwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70, asilimia 40 ya ngozi yake ilikuwa imeungua, na alikuwa ameingia saa ya kumi na moja tangu apatwe na moto. Muuguzi wa zamu alikwisha kuweka kidole kwenye kitufe cha mashine ya dripu.

"Daktari, tuongeze?"

"Subiri kidogo, sista," nilimjibu, nikaivuta mashine ya ultrasaundi. Nilitarajia kuona ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, iliyo ndogo na tupu, kuta zake zikigusana kila moyo unapobana, kwa kuwa ndivyo moyo unavyoonekana kwa mgonjwa aliyepungukiwa na maji. Nilichokiona hakikufanana na hicho. Ventrikali ilikuwa imejaa vya kutosha, na mshipa mkuu unaorudisha damu kutoka chini ya mwili ulikuwa mnene, hausinyai mgonjwa anapovuta pumzi. Moyo ulikuwa ukipiga mara 128 kwa dakika, lakini kuta zake zilisogea kivivu.

Hatukuongeza. Dripu ilibaki ilipokuwa, tukaanzisha dobutamini, dawa ya kuupa moyo nguvu ya kubana, kwa kiwango kidogo, na kadiri usiku ulivyosonga mkojo ulipanda taratibu.

Kilichonisumbua wiki zilizofuata si matokeo, kwa sababu yalikuwa mema. Kilichonisumbua ni kwamba moyo wa mtu aliyeungua huanza kupata nafuu wenyewe kadiri siku ya kwanza inavyokwisha, na kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika kama ule mkojo uliletwa na dawa, na saa zilizopita, au na maji tuliyokwisha kumpa tangu mwanzo.

Mgonjwa mmoja hawezi kunijibu. Fiziolojia inaweza kunijibu nusu.

Hakimu mmoja kwa makosa mawili

Fomula za kukadiria maji ya mtu aliyeungua sitazieleza kwa kirefu, maana anayezihitaji anazo ukutani. Nitazitumia kwa mgonjwa huyu tu. Fomula ya Parkland, iliyotokana na kazi ya madaktari wa upasuaji Charles Baxter na Tom Shires huko Dallas mwaka 1968, humpa mililita 4 za Ringa lakteti, maji ya mshipani yenye chumvichumvi, kwa kila kilo na kwa kila asilimia ya ngozi iliyoungua, yaani lita 11.2 kwa siku ya kwanza, nusu yake ikiingia ndani ya saa 8 za mwanzo kwa kasi ya mililita 700 kwa saa. Fomula ya Brooke iliyorekebishwa huanza na nusu ya hapo, mililita 350 kwa saa. Kanuni ya kumi, ambayo huzidisha asilimia ya kuungua kwa 10 na basi, humwanzishia mililita 400.

Mtu ni mmoja, vianzio ni vitatu, na kikubwa zaidi ni mara mbili ya kidogo zaidi. Hili halikuwahi kunitisha, kwa kuwa sote tulifundishwa kwamba fomula ni ya kuanzia tu na kwamba baada ya hapo mkojo ndio unaoamua. Kwa mtu mzima tunataka takriban nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, ambazo kwake ni 35. Ukishuka, ongeza. Ukizidi, punguza.

Tatizo ni kwamba figo haioni maji. Figo huona damu inayoifikia, na damu hiyo inategemea mambo mengi kwa pamoja: ujazo uliomo mishipani, nguvu ya moyo kuusukuma, ukinzani wa mishipa inayoupokea, na nafasi iliyobaki tumboni kwa figo kufanya kazi yake. Moyo mtupu na moyo dhaifu hutoa namba ileile kwenye chati. Namba 16 haina alama ya kutofautisha, na mkono wetu umezoezwa kuisoma kwa namna moja tu.

Moyo huanguka kabla ya maji kupotea

Picha niliyokuwa nayo tangu shuleni ilikuwa na mpangilio mzuri. Ngozi inaungua, kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, zinavuja, plazima, yaani majimaji ya damu, inatoka, ujazo unapungua, na moyo unakosa cha kusukuma. Katika picha hiyo moyo hauna kosa lolote. Ukiletewa maji, utafanya kazi.

Mpangilio huo una kasoro moja, nayo ni ya wakati. Vipimo vya wanyama na vya binadamu vimeonyesha kwamba kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa dakika hushuka ndani ya dakika chache baada ya kuungua sana, mapema kuliko plazima inavyopungua kwa kiwango kinachoweza kuueleza mshuko huo. Kuna kitu kingine kinachoanza kwanza.

Sehemu ya kitu hicho iko nje ya moyo. Maumivu na mshtuko huachilia homoni kama adrenalini, noradrenalini, vasopresini na angiotensini, mishipa midogo hujibana mwili mzima, na moyo hulazimika kusukuma dhidi ya ukinzani mkubwa. Plazima inapoendelea kuvuja, chembe nyekundu hubaki nyuma na damu huwa nzito, jambo linaloongeza ukinzani juu ya ukinzani. Huu ndio wakati ambapo shinikizo la damu linaweza kuonekana zuri kabisa kwenye skrini huku viungo vikipata damu kidogo. Kila ninapomsikia mtu akisema mgonjwa ametulia kwa kuwa shinikizo ni 120, huwa nauliza vidole vyake vya miguu vina joto au la.

Sehemu nyingine iko ndani ya msuli wenyewe. Tangu miaka ya 1960, Baxter na wenzake walikuwa wakihisi kwamba damu ya aliyeungua hubeba kitu kinachoufifisha moyo. Utafiti wa miongo iliyofuata haukupata kitu kimoja bali kundi zima: sitokini, yaani kemikali za kuchochea uvimbe, zinazozalishwa na mwili wote na hata na seli za moyo zenyewe, kalisiamu inayorundikana ndani ya seli hizo na kuzivuruga katika kubana na kulegea, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zinazoharibiwa na kemikali kali za oksijeni. Udhaifu huu huonekana wazi ndani ya saa 24 za kwanza.

Neno "kulegea" nimeliweka hapo kwa makusudi, kwa kuwa tunalisahau. Ventrikali iliyofifishwa kwa njia hii haipungukiwi na nguvu ya kubana tu. Huwa ngumu, haifunguki vizuri kupokea damu. Ndiyo maana asilimia ya damu inayotolewa kwa kila pigo inaweza kusomeka kuwa ya kawaida huku kiasi halisi kinachotoka kikiwa kidogo. Sehemu kubwa ya kitu kidogo ni kitu kidogo.

Kuvuja kwa pakacha

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa mchukuzi ni moyo, na hapati nafuu yoyote.

Hata kwa mtu mwenye afya, lita moja ya Ringa lakteti haikai mishipani kwa muda mrefu. Baada ya saa moja hivi hubaki robo yake au chini ya hapo. Kwa aliyeungua zaidi ya asilimia 20 hadi 30 ya ngozi, kapilari huvuja hata pale ambapo moto haukugusa. Utando mwembamba wa sukari na protini unaofunika kuta za mishipa kwa ndani humomonyoka, albumini, protini kuu ya plazima, hutoroka, na kila lita ya maji yasiyo na protini huizimua ile kidogo iliyobaki. Maji yanayoingia kuokoa mzunguko huwa pia yanasaidia kujiondoa humo.

Mapafu huvimba. Utumbo huvimba. Msuli wa moyo nao ni tishu yenye kapilari, nao huloa. Moyo ulioloa huwa mgumu zaidi, na moyo mgumu huhitaji shinikizo kubwa zaidi ili ujae damu ileile.

Hapo ndipo sheria ya Frank na Starling, ambayo tuliifurahia sana darasani, huonyesha upande wake wa pili. Ujaze moyo zaidi, nao utasukuma zaidi. Ndiyo, lakini mpaka mahali fulani. Mstari wa grafu yake unapolala, ujazo wa ziada hauleti pigo kubwa zaidi, bali huongeza shinikizo nyuma ya moyo, na shinikizo hilo husukuma maji zaidi nje ya kapilari. Kwa moyo uliofifishwa na moto, mstari huo hulala mapema. Katika majaribio ya wanyama, maji yaliyotolewa kwa wakati yaliokoa maisha na kuboresha mzunguko, lakini hayakuondoa kabisa udhaifu wa msuli.

Tumbo, ambalo moyo hauliombi ruhusa

Mwaka 2000 Basil Pruitt, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani aliyetumia maisha yake katika majeraha ya moto, aliwaonya wenzake kuhusu jambo ambalo vituo vingi vilikuwa vimeanza kuliona: wagonjwa walikuwa wakipewa maji mengi kuliko fomula yoyote ilivyoagiza. Hakuna aliyeamua kwamba iwe hivyo. Maji yalipanda saa kwa saa, kila ongezeko likiwa na sababu yake.

Moja ya sababu hizo ni ukarimu wa dawa za maumivu, ambazo hulegeza mishipa na kushusha shinikizo. Nyingine ni kwamba tunapenda kuongeza mkojo unaposhuka kuliko tunavyopenda kupunguza unapozidi. Mkojo wa mililita 90 kwa saa humfurahisha kila mtu, na hakuna anayeamshwa usiku kwa ajili yake. Tena asilimia ya kuungua hukadiriwa juu mno mahali pa kwanza mgonjwa anapopokelewa, na kosa hilo husafiri naye.

Matokeo yanayoniogopesha zaidi yako tumboni. Maji yanapokaribia mililita 250 kwa kila kilo ndani ya saa 24, hatari ya shinikizo la tumbo kupanda kupita kiasi huongezeka sana. Kwa mgonjwa wetu hizo ni lita 17.5, kiasi kinachoonekana cha ajabu mpaka ukumbuke kwamba Parkland peke yake humfikisha lita 11.2. Mgonjwa mahututi huwa na shinikizo la tumbo la milimita 5 hadi 7 hivi za zebaki. Likivuka 20 na kubaki hapo, huku kiungo kipya kikianza kushindwa, tumbo limegeuka kuwa gereza la viungo vyake.

Tazama hilo linamfanyia nini moyo. Mshipa mkuu wa chini hubanwa, damu inayorudi hupungua. Kiwambo husukumwa juu, shinikizo la kifua hupanda, mapafu hukosa nafasi, na ventrikali ya kulia husukuma dhidi ya mapafu yaliyobanwa. Kipimo cha shinikizo la vena kuu husomeka juu, kikidanganya kwamba moyo umejaa, ilhali kinachopimwa ni kifua kilichokazwa. Moyo hutoa damu kidogo, figo zimebanwa pande zote, mkojo unashuka.

Na mkojo ukishuka, tunaongeza.

Mzunguko huu ndio ulionifanya nirudi tena na tena kwenye zile namba nne. Tatizo la kwanza, yaani upungufu wa maji, lina dalili ileile na tatizo la tatu, yaani maji yaliyozidi mpaka tumbo likakaza. Na katikati yake kuna moyo dhaifu ambao nao hutoa dalili hiyo hiyo. Amri moja kwa magonjwa matatu, na kwa mawili kati yake amri hiyo huzidisha ugonjwa.

Basi tuufuate moyo wenyewe?

Hili ndilo lililokuwa hitimisho langu la kwanza, na lilidumu kwa muda wa kutosha kunifanya nianze kulihubiri. Kama mkojo ni hakimu asiyeona, tupime moyo moja kwa moja, tujue ujazo wake na kiasi unachosukuma, kisha tutoe maji mpaka namba ziwe za kawaida.

Wenzetu walishajaribu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, kundi moja la wagonjwa lilipewa maji kwa kufuata ujazo wa damu ulio kifuani na kundi jingine kwa fomula ya Baxter. Waliofuatwa kwa vipimo vya moyo walipewa maji mengi zaidi, na hawakunufaika kwa hayo ya ziada.

Nilisoma matokeo hayo kwa uchungu kidogo, kisha nikaona kwamba yanaafikiana na yote niliyoyaeleza hapo juu. Ukidai moyo uliofifishwa na moto uwe na ujazo wa kawaida saa ya sita, utamwaga maji bila kikomo, kwa sababu pakacha linavuja na msuli haujapona. Upungufu wa saa za mwanzo kwa sehemu ni hali ya ugonjwa, na huondoka kwa kiasi kikubwa wenyewe mgonjwa akivushwa salama mpaka mwisho wa siku ya kwanza.

Hapo msimamo wangu uligeuka. Ultrasaundi haifai kuwa shabaha ya kukimbilia. Inafaa kuwa sababu ya kusita.

Lakini hofu yangu ya maji isichukuliwe kama ruhusa ya kuyabana, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya vijana wanaoingia zamu wakiwa wamesoma nusu ya habari. Kabla ya miaka ya 1940 watu walioungua sana walikufa kwa mshtuko na figo kushindwa, kwa wingi. Mtafiti Frank Underhill alipochunguza majimaji ya malengelenge ya waathirika wa moto wa jumba la sinema la Rialto, New Haven, mwaka 1921, aliona kwamba yanafanana na plazima. Na baada ya klabu ya Cocoanut Grove kuungua huko Boston tarehe 28 Novemba 1942 na kuua watu 492, madaktari wa upasuaji Oliver Cope na Francis Moore walianza kukadiria maji kwa kufuata ukubwa wa eneo lililoungua. Maji yaliokoa, na bado yanaokoa. Moyo unaocheleweshewa maji huumia zaidi kuliko ule uliopewa mapema.

Kuhusu albumini, kwa ufupi

Watu husahau kwamba Baxter hakuagiza Ringa peke yake. Katika saa 24 za pili aliweka plazima, kwa kuwa kapilari zilikuwa zimeanza kushika tena. Nusu hiyo ya fomula ilianguka njiani. Mwaka 1998 uchambuzi wa Cochrane, mtandao unaojumuisha tafiti nyingi za tiba, ulizua hofu kwamba albumini huongeza vifo; mwaka 2004 jaribio la SAFE, lenye wagonjwa mahututi karibu 7,000, halikuona tofauti ya vifo kati ya albumini na maji ya chumvi, ila wagonjwa wa kuungua hawakuhusishwa. Kwa hiyo wanaoitetea kwa jaribio hilo hutumia ushahidi wa wagonjwa wa watu wengine. Mimi huianzisha baada ya saa 12 hivi, pale mahitaji ya maji yanapokwenda juu mno, kwa kuwa hupunguza jumla ya maji, na jumla hiyo ndiyo inayoulemea moyo.

Kabla kitufe hakijabonyezwa

Siku hizi mkojo ukishuka naomba mambo machache yafanyike ndani ya dakika chache zilezile ambazo tungetumia kubishana. Tunaangalia mpira wa mkojo usije ukawa umeziba, jambo la aibu ambalo hutokea. Tunajumlisha maji yote tangu saa ya kuungua, yakiwemo yaliyotolewa kabla hajafika kwetu, na kuyagawa kwa kilo zake. Tunapima shinikizo la tumbo kupitia kibofu. Tunaangalia lakteti ya damu, ambayo hupanda tishu zinapokosa oksijeni, inaelekea wapi, kwani mkojo mdogo wenye lakteti inayoshuka ni habari tofauti na mkojo mdogo wenye lakteti inayopanda. Kisha ultrasaundi: ventrikali ni tupu, imejaa, inabana, inafunguka?

Ikiwa tupu, muuguzi ana haki, tunaongeza kwa asilimia 10 hadi 20 na kuangalia tena saa ijayo. Ikiwa imejaa na inasogea kivivu, maji hayana kazi hapo. Dobutamini inaweza kusaidia, ingawa huongeza mbio za moyo unaokimbia tayari na inaweza kushusha shinikizo. Noradrenalini hurudisha shinikizo, lakini huibana mishipa ya ngozi ambayo tunajaribu kuinusuru. Hakuna dawa ya bure humu ndani, na anayeniambia ameipata namsikiliza kwa adabu.

Siku ya tatu

Kuanzia siku ya pili moyo hubadilika kabisa. Ule uliokuwa ukisukuma kidogo huanza kusukuma kupita kawaida, wakati mwingine karibu mara mbili, ukiendeshwa na homoni za msongo ambazo kwa walioungua sana hukaa juu kwa miezi. Ndiyo sababu ya propranololi, dawa ya kuzuia homoni hizo zisiukimbize moyo, ambayo David Herndon na wenzake wa Galveston walionyesha mwaka 2001 kwamba kwa watoto hupunguza mapigo na kuzuia msuli wa mwili kuliwa.

Wakati huohuo kapilari zimeacha kuvuja, na zile lita tulizozimwaga kwenye tishu huanza kurudi mishipani. Kijana huzikojoa. Mtu wa miaka 70 ambaye moyo wake ulikuwa na shida kabla ya moto huweza kuvuka saa 24 za kwanza kwa namba nzuri kabisa, akaanza kuzama kwa maji ya mapafu siku ya tatu au ya nne, dripu ikiwa imekwisha kupunguzwa zamani na hakuna anayeitazama tena chati ya siku ya kwanza. Kwake yeye ninaiacha kitandani mpaka atakapokuwa amerudia uzito aliokuja nao.